Gauni la Bi Harusi na Safari Yake ya Kurudi



Sisi ni mawifi watatu wa hapa Unguja, na kazi yetu ni kukodisha vitu vya harusi: magauni, shela, mapambo ya kichwa, masinia na sahani. Mabi harusi wengi wakija kwetu huuliza swali moja kwa sauti ya chini, kama wanaona haya: "Gauni hili limeshavaliwa?" Leo tunataka kulijibu bila ya kuficha.

Ndiyo, limeshavaliwa. Na kabla hujaona unyonge, mkumbuke Bibi Aisha, Allah amridhie. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa alikuwa na nguo yenye thamani ya dirhamu tano, na zama za Mtume (s.a.w.) wanawake wa Madina walipokuwa wakipambwa walituma watu kwake kuiazima. Nguo moja, wanawake wengi. Kama kuazima hakukuwashushia hadhi wao, kutatushushia sisi?

Hapo mwanzo sisi tulikuwa tunauza. Gauni lilikuja kwa boti, likavaliwa saa nne, kisha likatiwa sandukuni chini ya kitanda. Unyevu wa kisiwa chetu mnaujua. Baada ya mwaka lina ukungu, haliuziki, halivaliki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na tukafurahi kubeba vikapu vyetu. Lakini kisiwa ni kisiwa: kila kinachoshushwa bandarini na kisiwe na njia ya kurudi kazini, mwisho wake ni jaa au pwani.

Tukaingia kwenye kukodisha tukidhani ni kununua mara moja na kuvuna mara nyingi. Kumbe kutoa ni rahisi, kazi iko kwenye kurudi. Aliyetufundisha ni muuza soda wa mtaani. Kreti yake ina chupa 24 za kioo, na hakupi mpaka ulete tupu au uache pesa. Chupa zile zimefanywa nene tangu kiwandani kwa sababu zinatarajiwa kurudi, zioshwe na zijazwe tena. Chupa ya maji ya plastiki hakuna anayeisubiri, ndiyo maana asubuhi ya baada ya harusi unazikuta zimezagaa uwanja mzima.

Basi nasi tukaanza kununua kwa kufikiria marejeo. Tunachagua gauni la kufungwa kamba mgongoni, limfae mwembamba na mnene. Shanga ziwe za kushonwa, maana za gundi zinabanduka katika kufua. Bitana tunaifanya ya kutoka, kwa kuwa ndiyo inayobeba jasho, ifuliwe peke yake. Gauni likichakaa, lesi na shanga tunazihamishia kwenye vigauni vya watoto, na kitambaa kilichobaki tunashona vifuko vya udi na ubani. Kila kitu kina ukurasa wake daftarini: kimetoka lini, kwa nani, kimerudi vipi. Na kila anayekodi anaacha rehani.

Hiyo rehani ndiyo iliyotutia mtihanini.

Gauni moja lilirudi na doa la manjano kwenye mkono. Sisi tukasema hina, na hina haitoki. Mama wa bi harusi akatwambia kwa upole, "Hayo ni manjano ya kusingia, wanangu. Nipeni nikalifue." Tukakataa. Tukazuia rehani yote, na jioni ile ile tukainunulia lesi.

Siku chache baadaye tulilifua gauni na kulianika juani. Aliyewahi kumwagikiwa na mchuzi wa bizari anajua: jua huyala manjano. Jioni mkono ulikuwa mweupe. Hakuna aliyesema neno. Tulikaa barazani tukitazamana, na kila mmoja wetu akijua kuwa pale hakuna gauni lililoharibika, kuna haki ya mtu.

Ilituchukua wiki tatu kuzikusanya zile pesa. Tulikwenda wote watatu, maana hakuna aliyekuwa na uso wa kwenda peke yake. Mama yule alitukaribisha, akatupa kahawa, akazihesabu pesa taratibu. Kisha akasema, "Hizi nilizikopa. Nilikuwa nimeshakusameheni, lakini deni la watu bado nilikuwa nalilipa."

Maneno yale hayajatutoka. Sisi tuliitengeneza safari ya kurudi ya nguo, masinia na sahani, tukasahau kuwa pesa ya mtu nayo ni lazima irudi. Amana inakwenda pande mbili. Bibi Aisha mwenyewe aliwahi kuazima mkufu kwa dada yake Asma, ukapotea safarini, na msafara mzima ukasimama kuutafuta. Cha mtu kilikuwa na uzito huo.

Sasa rehani zinakaa kwenye kopo lake, hatuzigusi. Gauni likirudi tunalitazama pamoja na aliyelileta, na doa tunalifua kwanza ndipo tuhukumu.

Wewe unayejiandaa, tuna maombi machache. Paka piko na hina mapema, zikauke vizuri kabla ya kuvaa. Funga kitambaa unapokula. Usilifue gauni mwenyewe kwa dawa kali, lirudishe na utwambie ukweli limepatwa na nini. Lirudishe siku mliyoahidiana, kwani yupo mwenzio anayelisubiri. Na ukumbini, weka mitungi ya maji na bilauri badala ya chupa za plastiki. Wageni watakunywa vile vile, na utaepukana na israfu.

Allah akutilieni baraka katika ndoa zenu, na atujaalie tuwe wenye kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.