Mafungu ya Machungwa, Muheza

Msimu wa machungwa ukifika, Muheza nzima ilinuka maganda. Mwaka 1983 nilikuwa darasa la tano, na nikitoka shule nilipitia stendi, mama alikotandika gunia kando ya mabasi ya Tanga. Kazi yangu ilikuwa kupanga mafungu: ya manne, ya matano au ya sita, kutegemea bei ya siku hiyo. Yaliyobaki yalikuwa halali yangu.

Ndiyo maana mwalimu wa Hisabati alipoandika "namba tasa" ubaoni, nilisikia kama analizungumzia tumbo langu. Machungwa 36 hupangika manne manne au sita sita, halibaki hata moja. Lakini 37! Mama apange atakavyo, moja au mawili lazima yabaki.

Mwalimu hakuwa mtu wa hesabu za gulioni. Madaftari yalikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo alitupeleka kwenye uwanja wa paredi, tukaandika mchangani namba kuanzia 2 hadi 100. Moja aliiacha nje: ina kigawo kimoja tu, yaani yenyewe, haimo huku wala kule. Tukafuta vigawe vya 2, tukiiacha 2 yenyewe, kisha vya 3, vya 5 na vya 7. Tulipotaka kuendea 11 akatuzuia: 11 mara 11 ni 121, mia tumeshaipita. Zilibaki 25. Njia hiyo, alisema, ni ya Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Alexandria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mzaliwa wa Afrika, akaongeza kwa maringo, utadhani ni mjomba wake.

Kilichonishangaza ni 49. Pale stendi haikuwa na tofauti na 37: kwa manne linabaki moja, kwa matano manne, kwa sita moja. Mchangani 7 iliifuta. Na 91, ambayo darasa zima liliapa ni tasa, ikafutwa vilevile: 7 mara 13. Kumbe namba tasa haikatai mafungu ya mama tu. Inakataa kila fungu, ila la moja moja au la yote kwa pamoja.

Jioni nilimweleza mama. Alinisikiliza huku akipangusa machungwa kwa kanga.

"Fungu la saba atanunua nani?"

Nikamwonyesha yaliyokuwa guniani, 53. "Haya ni tasa, mama. Hayagawanyiki."

"Panga matano matano, mwanangu. Matatu yatakayobaki mpelekee bibi yako."