Volti 20 kwenye feni ya 12

Sisi tunaotengeneza redio na simu kwenye kachumba ketu Muhima, upande wa kuteremkia Nyabugogo, kuna ombi moja tunalisikia kila jua likiwaka: "Vijana, niongezeeni nguvu feni yangu." Kigali si Dar, usiku kuna baridi kabisa, lakini chini ya mabati saa nane mchana, jamani, we acha tu.

Mama mmoja mshonaji, Mkongomani mwenzetu, alituletea feni ndogo iliyonuka kuungua. Imeandikwa volti 12, ampea 0.30. Aliyemuuzia aliifunga moja kwa moja kwenye paneli ya sola. "Wanangu, ilikuwa inavuma sana! Nifungieni ingine vilevile." Mtoto wake alikuwa analala hapohapo pembeni.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi 12. Jua likiwa kali na mzigo ukiwa mdogo, inafika 20 hivi. Feni inazunguka haraka zaidi, ni kweli, karibu mara 1.7. Ila nguvu ya kusukuma hewa haipandi mara 1.7, inapanda karibu mara nne na nusu. Feni ya wati 3.6 inavuta kama wati 16. Waya mwembamba wa ndani unapata joto, grisi ya beringi inakauka, na ile saketi ndogo inayowasha koili kwa zamu haikuundiwa volti hizo. Inakufa kimyakimya, au inakufa na moshi.

Tulimwambia hapana, mama, vilevile hatufungi. Tulichukua feni mbili za aina moja, tukazifunga kwa kufuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Zile volti 20 zinagawanyika, kila moja inapata 10 hivi. Kila feni inazunguka polepole, lakini ukijumlisha upepo wa zote mbili unakaribia ule wa kwanza, na zote pamoja zinavuta kama wati 4 tu. Kelele pia inapungua. Lazima kupima kila feni kwa mita zikiwa zinazunguka, maana si zote zinagawana sawa. Moja ikichukua 13 na mwenzake 7, tunabadilisha.

Mama alizitazama, akasema hizi zinavuma kama zimechoka. Tukamwambia akae mbele yake dakika tano. Alikaa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mkigawa paneli, tafadhali ongezeni kontrola. Na feni za msaada kutoka Marekani zilizoandikwa 120, moto wa ukutani hapa ni 230, msizichomeke bila transfoma.

Sasa mama anataka feni ifanye kazi na usiku. Hapo ni betri, na pesa ya betri bado anaitafuta.