Ukitoa Nyama, Weka Nini?

Tanga

Mpwa wangu Neema,

Mama yako kanieleza kwamba umeacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa ajili ya imani yako. Kwa hilo sina neno. Neno langu ni moja: kila ulichokitoa kwenye sahani kilikuwa na kazi yake mwilini, basi kazi hiyo itafutie wa kuishika.

Anza na damu. Chuma kimo kwenye kunde, maharage, choroko na mboga za majani, ila mwili hukipata kwa shida kuliko kile cha nyama. Kamulia ndimu kwenye mboga, au ushushie chakula kwa chungwa. Vitamini C hukisaidia kuingia mwilini. Chai ya rangi, najua huwezi kuiacha, usiinywe pamoja na mlo. Ngoja walau saa moja. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale ndipo uyainjike, upate na zinki.

Kwa mifupa, usitegemee mchicha. Kalsiamu imo, lakini sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Sukuma wiki ni bora zaidi. Ufuta nao ukaange kidogo, uutwange, unyunyize juu ya mboga. Na kwa kuwa umeacha samaki na maziwa, chumvi iwe ya pakiti yenye madini joto.

Lililonishikisha kalamu hasa ni vitamini B12. Haimo kwenye mchicha, kunde wala karanga. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, haifiki hata uzito wa punje ya chumvi, lakini ikikosekana damu hupungua, miguu hufa ganzi na kumbukumbu hupotea. Ini huweka akiba yake ya miaka, kwa hiyo mtu hujiona mzima huku akiba inakwisha. Usijisifu kwamba mwaka umepita na hujaumwa. Nenda duka la dawa ununue vidonge, mfamasia akupangie kipimo. Unga ulioongezwa virutubishi unasaidia, ila usiutegemee peke yake.

Na kwa kuwa umeolewa juzi tu: ukishika mimba, wahi kliniki na uwaambie waziwazi usichokula. Mtoto tumboni, na hata akinyonya, hupata B12 kutoka kwako.

Msalimu mumeo. Unijibu ukishavinunua vidonge. Barua ya kuniambia utanunua siitaki.

Shangazi yako