Mfumo wa dukani, uonekane hadi nyumbani?

Kuna ombi moja ambalo sisi watengenezaji programu tunalipata kila mara kutoka kwa wenye biashara ndogo: "Ule mfumo wetu wa ofisini, nataka niuone nikiwa nyumbani." Safari hii limetoka kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Najua wengi wenu mna swali hilo hilo, kwa hivyo haya basi, tulizungumze.

Mfumo wenyewe niliukuta. Ni tovuti ndogo inayokaa kwenye kompyuta moja chini ya kaunta. Ukiwa dukani unaandika 192.168.1.10 kwenye kivinjari, unaona saruji imebaki mifuko mingapi, nani amekopa mabati, na wafanyakazi wanalipwa nini. Neno la siri? Hakuna. Aliyeutengeneza alijua kwamba kila anayeufikia amesimama ndani ya duka, na mlangoni kuna mlinzi.

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za mitandao ya ndani tu. Ni kama kusema "chumba namba 4". Kila hoteli inacho, ila aliye nje hajui unasema hoteli gani.

"Kijana wangu, wewe fungua tu," mama akaniambia. Na kweli njia ipo: unaiagiza ruta kwamba atakayebisha mlango namba 80 kutoka nje, apelekwe kwenye ile kompyuta. Kazi ya dakika tano.

"Mama," nikamjibu, "mlango huo hautafunguka kwako peke yako."

Watu hudhani kwamba usipomwambia mtu anwani yako, hakuna atakayeijua. Sivyo. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyoweza kubisha mlango mmoja kwenye anwani hizo zote za umma kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja yenye intaneti ya kasi. Siku hizi roboti zinabisha usiku na mchana. Hazikujui, wala hazina haja ya kukujua.

Na ndani ya mfumo kuna nini? Kuna daftari la madeni: majina, nambari za simu, nambari za vitambulisho vya watu wanaojenga polepole kwa mkopo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data hizo zikivuja na kuwaweka watu hatarini, mwenye duka ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Lakini hata kabla ya sheria kuna aibu. Watu hao walimwamini mama, hawakuiamini ruta.

Kulikuwa na kikwazo kingine pia. Ruta ilionyesha anwani ya nje inayoanza na 100.72. Anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni za intaneti zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukiwa huko, hata ukifungua milango yote ya ruta yako, mgeni kutoka nje hafiki. Jipime: linganisha anwani ya nje iliyo kwenye ruta na ile unayoonyeshwa na tovuti za kupima IP. Zikitofautiana, basi.

Tulifanya hivi. Badala ya kuupeleka mfumo kwenye intaneti, tuliwaleta watu dukani. Tulikodi seva ndogo yenye anwani ya umma, tukaweka WireGuard, programu ya VPN isiyolipiwa ambayo mwaka 2020 iliingizwa ndani ya Linux yenyewe. Kompyuta ya dukani ndiyo inayoipigia seva kutoka ndani, kisha inatuma salamu kila sekunde 25 ili njia isijifunge. Simu ya mama nayo inaingia kwa ufunguo wake. Asiye na ufunguo akibisha, WireGuard haimjibu hata neno.

Kila simu ina ufunguo wake, hakuna kuazimana. Simu ikiibwa kwenye matatu, unafuta ufunguo mmoja na wengine wanaendelea na kazi. Kisha tukaongeza maneno ya siri kwenye mfumo, maana VPN inalinda njia tu, haimzuii karani kuchungulia mishahara. Tukaweka pia nakala ya akiba kila usiku, na UPS, kwa sababu stima ikipotea dukani hakuna VPN itakayokuokoa.

Mama alinung'unika kwamba sasa ni lazima awashe VPN kabla ya kuona hesabu. Nikamuuliza kama duka lenyewe huwa analifungua bila kutoa funguo mkobani. Akacheka.

Kwa hivyo kabla hujafungua wako, hesabu watakaoutumia. Wakiwa ni watu unaoweza kuwataja kwa majina, wape funguo. Wakiwa ni umma, basi hiyo si intraneti tena. Ni tovuti, na ijengwe upya kama tovuti.