Ukimya wa Ini

Washairi wetu wameupa moyo zaidi ya haki yake. Moyo hupenda, moyo huugua, moyo huteketea. Ini huachiwa machungu tu. Neno likichoma kupita kiasi twasema limekata maini, na nyongo, jirani yake, haitajwi ila pale panapotajwa chuki. Waarabu, waliotuazima maneno mengi, wao humwita mtoto kipande cha ini. Usemi huo nimeufikiri sana tangu msiba ulipoingia nyumbani kwa shangazi yangu, katika kijiji kimoja cha Kisarawe, kusini ya Kibaha.

Mjukuu wake wa miaka minne aliamka na homa. Adhuhuri akashikwa na degedege. Shangazi akamfukiza kwa majani, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na usiku, wakiwa njiani kumpeleka hospitali, mtoto akafariki. Nilipofika matangani hakulia mbele yangu. Aliuliza tu: "Mwanangu, wiki nzima alikuwa akicheza hapa uwanjani. Macho yangu yalikuwa wapi?"

Jibu la swali hilo limo katika ini. Mbu jike wa anofelesi aumapo, huacha mwilini vimelea vichache vyembamba mithili ya nyuzi. Vikishapata njia ya damu, huchukua dakika chache tu kufika kwenye ini. Huko kimelea hupenya seli moja, kikatoka, kikaingia nyingine, kana kwamba mgeni anayechagua chumba, hata kikaipata ile ya kukaa. Ndani yake hugawanyika kwa muda wa siku 6 hadi 7, kimoja kikawa maelfu. Muda wote huo mtu haumwi kichwa wala hatetemeki, na tone la damu likiwekwa chini ya hadubini halina la kusema. Seli inapopasuka, uzao ule humwagika katika damu na kuzivamia chembe nyekundu. Hapo ndipo homa inapobisha hodi.

Wataalamu wenyewe walikaa gizani muda mrefu. Ronald Ross alimwona kimelea ndani ya mbu mwaka 1897, lakini ikapita nusu karne bila ya kujulikana kwa hakika kinapojificha baada ya mtu kuumwa. Cyril Garnham, aliyekuwa daktari wa serikali nchini Kenya, alikuta mwaka 1947 katika maini ya kima hatua za kimelea kilicho ndugu wa malaria. Na mwaka 1948, yeye na Henry Shortt wakalithibitisha jambo hilo London, kwa nyani kwanza, kisha kwa binadamu.

Tangu hapo ini limekuwa mlango wa kulindwa. Bagamoyo, mkoa ule ule wa Pwani, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009, kisha ya R21, iliyojaribiwa pia Kilifi. Chanjo hizi huufunza mwili kulitambua vazi la kimelea kabla hakijaingia katika seli ya ini. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Hazizuii kila ugonjwa, lakini hupunguza. Na Kibaha kikajengwa, kwa ujuzi wa Wakuba, kiwanda cha viuadudu vya kuwaua viluwiluwi wa mbu madimbwini.

Nilimweleza shangazi habari ya zile siku za ukimya. Nilimwambia kwamba wiki ile ya michezo haikuwa na alama yoyote ya kuonekana, wala kwake wala kwa daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi wiki ilikuwa ya ini. Mchana ule ulikuwa wangu." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa elimu ile ile inayomwondolea lawama ya siku saba ndiyo isemayo kwamba homa ikishaanza kwa mtoto, saa ndizo zinazohesabiwa. Siku hizi mtoto wa jirani akichemka, yeye ndiye wa mwanzo kumfunga mgongoni mamake na kuwatoa njiani.

Sisi wa visiwani, ambao kwa miaka mingi malaria imepungua mno kwetu, tusidhani bahari ni ukuta. Msafiri huweza kupanda boti Dar es Salaam akiwa mzima, akicheka, kipimo chake kikiwa safi, ilhali ini lake limebeba siri. Tumkaribishe kwa moyo mkunjufu; ila homa ikimshika kwetu, tusingoje kesho. Ini likinyamaza halina mwenye kulisikia. Likishasema, kuchelewa ni kwetu.