Faili Lisilo na Namba

Julai ile nilikuwa nyumbani Kitendaguro, kahawa ya maganda imeanikwa uani, na nilishamwahidi katibu wa chama cha msingi cha bibi kwamba Jumatatu ataona kilo za kila mwanachama kwenye simu. Ndiyo ilikuwa project yangu ya mwaka wa mwisho. Kwenye laptop mambo safi kabisa. Nikaipandisha kwenye seva ya kukodi, Tomcat ileile, Java ileile. Katibu akaja, bibi akasogeza kigoda, nikafungua ukurasa wake.

Kosa 500.

"Waitu, kilo zangu ziko wapi?" bibi akauliza. Katibu akacheka kwa upole, akafungua daftari. Zilikuwa humo.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na naandika haya kwa aibu, ni kumrushia lawama mwenzangu wa project kwenye grupu la WhatsApp, watu wote wanaona. Si yeye ndiye aliyegusa kodi mara ya mwisho? Hakujibu.

Usiku nikasoma logi: NoSuchMethodError. Eti parseString haipo ndani ya JsonParser. Haipo vipi, wakati naitumia kila siku? Kosa hili kwa kawaida maana yake kodi ilijengwa kwa toleo moja la laibrari, ilipoanza kazi ikakutana na toleo lingine. Na parseString iliingia kwenye Gson toleo la 2.8.6. Kwa hiyo seva ilikuwa inasoma Gson ya zamani. Nikafungua folda la WEB-INF/lib. Nikakuta gson-2.8.9.jar, na pembeni yake gson.jar, halina hata namba.

Lilitoka wapi? Kwangu. Muhula wa kwanza bando lilikata, nikakopi laibrari kwa flashi kutoka kwenye project ya kaka mmoja aliyetutangulia, folda zima kama lilivyo. Ningetumia Maven ingechagua toleo moja na kuacha lingine. Lakini Maven inapakua, na sote tunajua bei ya bando.

Kilichoninyima usingizi ni kingine: kwa nini laptop haikulalamika? Zamani Tomcat ilipanga faili za jar kwa alfabeti. Kuanzia Tomcat 8 haipangi tena, inazipokea jinsi diski inavyozitoa. Windows yangu inatoa majina kwa mpangilio, na kistari kinatangulia nukta, hivyo 2.8.9 iliingia kwanza. Linux ya seva ina mpangilio wake. JsonParser ya kwanza kukutwa ndiyo inayotumika, ya pili haiangaliwi kabisa. Yaani miezi yote ile laptop yangu haikuwa sahihi, ilikuwa na bahati tu.

Nikafuta gson.jar, nikawasha Tomcat upya saa nane usiku. Kilo za bibi zikatokea.

Jumatano katibu alilinganisha mstari kwa mstari na daftari lake. Zililingana, ila akasema daftari litaendelea mpaka msimu uishe. Sikubisha.

Kwenye grupu lilelile niliomba radhi, nikaweka na picha ya folda. Mwenzangu alijibu baada ya saa mbili: "Hilo faili nililiona tangu Machi. Nilidhani unalihitaji."