Sumbawanga, ambako tai hapigi mabawa

Sumbawanga ni mji wa majaketi. Uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai mtoto hatoki nje alfajiri bila kufunikwa vizuri. Lakini ukishika barabara ya kwenda Muze, ukaipita milima ya Mbizi, uwanda wa Ufipa unakatika ghafla. Chini kuna joto la Bonde la Rukwa, na ziwa lililo kwenye mita 800 hivi.

Mteremko huo huziba masikio. Mzazi, mpe mtoto maji ameze kidogo kidogo, kichanga kinyonyeshwe. Kama mtalala bondeni, bebeni chandarua, maana mbu wa kule si wachache kama wa mjini.

Pale ukingoni swali la mtoto huwa moja: mbona yule tai hapigi mabawa? Jua likipiga ukuta wa bonde na mashamba ya chini, hewa hupata moto na kupanda. Tai huizunguka hewa hiyo kama mtu anayepanda ngazi. Wafipa wa zamani waliijua nguvu hiyo vizuri. Tanuri zao za kuyeyushia chuma, ndefu kuliko mtu, hazikuhitaji mivukuto: hewa moto ilipanda juu, na nyingine ikavutwa ndani kupitia matundu ya chini.

Wapo marubani wanaoruka hivyo hivyo. Chombo chao ni glaida, ndege yenye mabawa marefu na isiyo na injini, inayovutwa juu kwa kamba kisha kuachwa. Ufipa hakuna klabu ya mchezo huo. Nchini Kenya glaida zimerushwa Mweiga, karibu na Nyeri. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Mwingereza Colin Pennycuick aliruka Serengeti kwa glaida yenye injini ndogo, akiwafuata tai na korongo angani ili ajue wanavyosafiri mbali kwa nguvu kidogo.

Rubani mwenye leseni ya ndege ya injini anaweza kuongezewa kibali cha glaida. Haanzi moja, saa alizokwisha kuruka humsaidia. Kigumu kwake ni mazoea. Kwenye ndege ya injini, akiona anatua vibaya anaongeza nguvu, anapanda, anazunguka tena. Kwenye glaida nafasi ni moja. Lazima ajue mapema kimo alichonacho kitamfikisha wapi. Glaida nzuri hushuka mita 1 kwa kila mita 40 inazosonga mbele, kwa hiyo kimo cha mita 1,000, ambacho ni kama cha ukingo huu juu ya ziwa, kinatosha kilomita 40 katika hewa tulivu.

Ujuzi huo uliokoa watu 69 nchini Kanada tarehe 23 Julai 1983. Ndege ya abiria, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani, injini zote mbili zikazimika. Rubani wake, Robert Pearson, alikuwa mrushaji mzoefu wa glaida. Alipoona yuko juu mno karibu na uwanja wa zamani wa Gimli, aliilaza ndege upande ili ipoteze kimo haraka, mbinu ya kawaida kabisa kwa watu wa glaida. Wote walitoka hai. Ukiwa na mtoto ndani ya ndege, rubani wa aina hiyo si anasa.

Mtoto akisema anataka kuruka, asicheke mtu. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya glaida ni umri wa miaka 16, mwaka mmoja chini ya leseni binafsi ya ndege ya injini. Atapimwa afya: macho, masikio, moyo. Kuvaa miwani peke yake hakumzuii, ingawa wazazi wengi hudhani hivyo.

Mwenye siku ya ziada aende Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yenye kina cha zaidi ya mita 200. Kiangazi, korongo wakubwa aina ya marabou hutaga kwenye kuta zake, na hewa ikishapata joto huonekana wakipanda kutoka korongoni. Watoto washikwe mkono muda wote.